Mstari Ulionyooka Kutoka Guangzhou

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwenye msiba wa Babu, waliosikia la mkuu ndio nusura wavunjike.

Nilikuwa nikichekecha unga wa uwele, kazi yangu ya kila siku nitokapo shule, Mjomba Nikodemo aliposimama uani mbele ya waombolezaji.

"Simu inasema Guangzhou hadi Dodoma ni kilomita elfu tisa," alitangaza. "Ndege hukata mia tisa kwa saa. Saa kumi tu! Dada kapanda mchana huu, usiku yuko Dodoma. Kesho saa nne asubuhi tunazika."

Mama, anayesoma Uchina, ndiye kifungua mimba wa Babu. Katika ukoo wetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na kifungua mimba. Na kabla ya kupanda ndege, Mama alikuwa amenieleza safari yake yote.

Niliweka chekeche chini, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mjomba. Mama hatawahi."

Watu wote uani wakanigeukia.

"Marahaba. Wa darasa la sita unanifundisha hesabu?"

"Rubani wetu huyo!" mtu akadakia. Watu wakacheka.

"Kugawa umegawa sawa, Mjomba, ila ndege haiji moja kwa moja." Nilichora mavumbini kwa kidole. "Inatua Addis Ababa. Hapo Mama anasubiri nyingine mpaka asubuhi. Inamleta Dar es Salaam, kisha anapanda treni. Atafika kesho jioni. Tutakuwa tumeshazika."

"Gari la kuchukua mwili limeshapangwa! Mchungaji kaambiwa! Haya, mpigie mama yako athibitishe."

Nilipiga. Simu ilikuwa imezimwa, kwani Mama alikuwa angani.

"Mmeona?" alisema Mjomba. Mama mdogo Emiliana akanishika mkono kuniondoa.

Ndipo Bibi Loisi, mjane mwenyewe, akainua kichwa kutoka mkekani.

"Nikodemo, mtoto akiwa amesema kweli, utamfukua baba yako?"

Mjomba akatoa simu, akampigia mchungaji. Mazishi yakasogezwa siku moja.

Kesho yake nilikodolea macho barabara ya Mtera, itokayo Dodoma mjini, mpaka yakauma. Saa nne ikapita, Mama hayupo. Saa kumi na mbili jioni, hayupo. Watu walianza kunitazama vibaya. Jua lilipokuwa likizama, gari kutoka stesheni ya treni lilisimama, Mama akashuka akilia. Asubuhi iliyofuata, udongo wa kwanza ulitoka mkononi mwake.

Tuliporudi kutoka makaburini, Bibi aliniita mbele ya wote.

"Heshima si kunyamazia kosa la mkubwa," alisema. "Ukijua jambo, liseme mapema, kwa adabu, na uonyeshe sababu zake. Na sisi wakubwa tuulize kabla ya kuamua."

"Kweli, Mama," alisema Mama mdogo, "lakini kamwaibisha kaka mbele za watu. Raheli, mwombe Mjomba radhi."

Mjomba alinitazama, akingoja.

"Nilimwamkia, nikapiga goti, nikasema kweli," nilijibu. "Siombi."