Mawe ya Mjomba Melkizedeki

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Selina alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuteka maji na kuwafungulia mbuzi. Kisha alisimama kidogo kwenye kona ya zizi, akatazama mlimani. Alikuwa akimtafuta mjomba wake.

Mjomba Melkizedeki, ambaye kijiji kizima kilimwita Melki, alikuwa mwanariadha wa mbio ndefu. Mwaka uliopita aliwashinda wakimbiaji wote wa mkoa wa Singida. Sasa alijiandaa kwa mashindano ya taifa, Dar es Salaam, baada ya mavuno. Wale ambao wangefanya vizuri huko wangevaa nguo za Tanzania na kwenda kwenye mashindano ya Afrika. Hapakuwa na mtu wa kijiji chetu, Mteremkoni, aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa kupenda mwenyewe. Waliokwenda mbali zamani walipelekwa: wengine kubeba mizigo katika vita vya wazungu, wengine kukata mkonge wa watu Tanga.

Aliyemfundisha Melki ni Mwalimu Kefa wa shule ya msingi. Asubuhi Mwalimu alikuwa na darasa, wala hakuwa na njia ya kumfuata mwanafunzi wake mlimani. Kwa hiyo aliweka sharti moja. Kule juu, kando ya barabara ya Sekenke, kulikuwa na lundo la mawe meupe kutoka machimbo ya zamani. Wageni walichimba dhahabu wakaondoka nayo, mawe wakatuachia. Chini kijijini udongo ni mweusi, jiwe jeupe hulioni. Basi Mwalimu alisema, "Kila ukipanda, shuka na jiwe. Nikiliona nitajua umefika."

Mawe hayo yalipangwa kando ya njia ya shule, moja baada ya jingine, kutoka langoni kuelekea mlingoti wa bendera. Wanafunzi waliyapenda. Kila asubuhi walikimbilia langoni kuona kama mstari umeongezeka. "Mjomba wako akifika bendera," walimwambia Selina, "atakuwa amefika Dar es Salaam."

Si wote waliofurahi. Kijiji kilikuwa kipya, watu walikuwa wamehamia pamoja juzijuzi kulima shamba la ujamaa, na kila mkono ulihitajika. Katika mkutano wa kijiji iliamuliwa Melki asilime asubuhi, apewe muda wa mazoezi, na apewe maziwa na karanga za kijiji. Bwana mmoja aitwaye Laurenti alisimama akasema, "Mimi sipingi. Nauliza tu. Hizo mbio tutazipika na mlenda? Kijiji hiki hakifugi kupe." Watu walicheka. Melki naye alicheka, lakini Selina, aliyekaa karibu na bibi yake, aliona kwamba macho yake hayakucheka.

Jumamosi moja wakati wa palizi, Selina alikuwa akishuka kutoka mlimani na mzigo wa kuni. Katikati ya mteremko alimkuta mjomba wake ameketi kwenye kivuli cha mwamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetoka juu?"

"Ndiyo."

"Basi kesho ukienda kuni, niletee jiwe. Moja tu. Liweke hapa, chini ya mwamba."

Selina alishtuka. "Jiwe la Mwalimu?"

"Jiwe ni jiwe, mpwa wangu. Miguu imechoka kidogo. Ikipumzika nitapanda mwenyewe."

Kwetu Iramba neno la mjomba ni zito. Mtoto humkatalia baba yake akapona, lakini hathubutu kumkatalia kaka wa mama yake. Kesho yake Selina alileta jiwe. Keshokutwa mjomba aliomba tena. Baada ya hapo hakuomba, kwa maana ilikuwa kazi ya Selina sasa: jioni aliliacha jiwe chini ya mwamba, na asubuhi Melki alipanda hadi hapo tu, akaketi, kisha akarudi nalo shuleni huku akihema.

Martina, rafiki wa Selina waliyekuwa wakienda kuni pamoja, alianza kumdadisi.

"Wewe Selina, kuni gani hizo unafunga kwenye kanga?"

"Ni mawe ya mafiga. Bibi ameniagiza."

"Bibi yako anapikia mafiga mangapi? Juzi umebeba, jana umebeba. Au anampikia Mkuu wa Wilaya?"

Selina alikaza fundo la kanga, akatangulia mbele. Uongo wa kwanza ulikuwa wa mjomba. Huu ulikuwa wake.

Jioni moja alimkuta Melki tena pale kwenye mwamba, na safari hii alikuwa amevua katambuga yake ya tairi la gari. Kisigino chake kilikuwa kimevimba kikang'aa kama embe lililoiva.

"Mjomba, hiki nini?"

"Mwiba wa mgunga. Ulivunjikia ndani. Utatoka wenyewe."

"Twende zahanati."

"Nikienda zahanati, kabla jua halijazama Laurenti atakuwa amejua. Kesho yake mkutano. Watasema tulimpa maziwa yetu, tukampa karanga zetu, kumbe mguu mbovu. Watanipa jembe, Selina, na Dar es Salaam nitaisikia redioni." Alivaa kiatu chake polepole, akiuma midomo. "Usimwambie mtu. Hata bibi."

Selina hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo hakupenda tena kupita njia ya shule. Alipita nyuma ya vyoo, ili asiyaone mawe.

Mwalimu Kefa hakujua lolote. Aliona mstari unakaribia bendera, akaridhika. Alipanga Melki aende Kiomboi, makao ya wilaya, kukimbia mbele ya Bwana Michezo wa wilaya, mbio ndefu kamili, kabla ya kupelekwa Dar es Salaam. "Wengine wana saa za kupimia na viwanja vyenye mistari," aliwaambia wanafunzi. "Sisi tuna mlima. Na mawe haya hayajui kudanganya."

Jumatatu iliyofuata, wanafunzi walipokuwa wamesimama mistari kuzunguka mlingoti, Mwalimu alikuja na jiwe mkononi. Ilibaki nafasi ya jiwe hilo moja tu kufika kwenye bendera. Melki mwenyewe alikuwa amesimama kando, uzito wake wote kwenye mguu mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, na Laurenti alikuwapo, kwa sababu habari ya jiwe la mwisho ilikuwa imeenea.

"Nani ataweka jiwe hili?" aliuliza Mwalimu. "Naona ni haki aweke mpwa wake. Selina, njoo."

Selina alitoka mstarini. Alilipokea jiwe kwa mikono miwili. Alilijua. Lilikuwa na mshipa mwekundu ubavuni, na jana yake jioni lilikuwa ndani ya kanga yake. Alimtazama mjomba wake. Melki alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Selina aliufikiria mguu ule ukikimbia mbio zote za Kiomboi. Akainama ili aliweke jiwe, akashindwa. Akasimama tena.

"Mwalimu," alisema, "hili nimelileta mimi."

"Umelileta?"

"Kutoka juu. Na yale mengine madogo pia. Mjomba anaumwa mguu. Hawezi kupanda."

Wanafunzi waligeuka wote kumtazama Melki. Kisha Laurenti, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, alisema, "Si nilisema."

Mwalimu Kefa alimwendea Melki, akapiga goti mbele yake, mbele ya wanafunzi wote, akamvua katambuga. Alikitazama kile kisigino pande zote. "Tafuteni baiskeli," alisema. "Huyu haendi Kiomboi. Anakwenda zahanati."

Mganga wa zahanati alipasua kisigino, akatoa usaha, na ndani yake kipande cha mwiba. Alimwambia Melki kwamba kama angekimbia mbio ndefu na mguu ule, wangeishia kuzungumza habari ya kuukata. Sasa apumzike, asafishe kidonda kila siku, kisha ataweza kukimbia tena.

Jioni mkutano wa kijiji uliitishwa. Laurenti alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema maziwa yakomeshwe, Melki apewe jembe, na yule mtoto achapwe mbele ya wenzake, ajifunze.

Selina alikuwa amejikunyata mgongoni mwa bibi yake. Bibi Luciana alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Yale mawe meupe mnayoyapenda," alianza, "nani aliyatoa ardhini?"

Alimnyooshea Laurenti kidole.

"Aliyatoa marehemu mume wangu, na baba yako wewe Laurenti. Walikuwa wakishuka shimoni pamoja. Vumbi likaingia kifuani. Mume wangu akaanza kukohoa. Na pale machimboni, aliyekohoa alifukuzwa. Basi akajifunza kukohoa kimyakimya, kanga yangu mdomoni, ili msimamizi asisikie. Baba yako alijua, akamficha. Walifikiri wanasaidiana. Nimewazika wote wawili, na kikohozi chao."

Laurenti aliinamisha kichwa.

"Mimi sikuwalaumu. Machimbo yalikuwa ya wageni, na mgeni hakutaka mtu, alitaka mikono. Lakini hapa tumeambiwa ni petu. Shamba letu, zahanati yetu, watoto wetu. Sasa kama hapa pia mtu anaogopa kusema anaumwa, mimi naona tumebadilisha bendera tu. Melki amedanganya, na aseme amedanganya. Mjukuu wangu amedanganya, leo asubuhi amekwisha kusema mbele ya shule nzima. Na sisi tuliocheka mtu akiitwa kupe, tuseme lini?"

Akaketi, akavuta kanga yake.

Melki alisimama kwa fimbo. "Nimedanganya," alisema. "Nimemfundisha mtoto kudanganya, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mguu. Nipeni kazi ya kukaa chini mpaka nipone. Nikipona, mkitaka nikimbie, nitakimbia. Mkitaka nilime, nitalima."

Mwenyekiti aliwaangalia watu. Mwishowe ni Laurenti aliyesema, bila kusimama, huku akichora chini kwa kijiti. "Karanga zipo za kupukuchua. Apukuchue." Kisha akakivunja kijiti, akaongeza, "Maziwa aendelee nayo. Kidonda hakiponi kwa maji matupu."

Kesho yake Mwalimu alimwita Selina kwenye ule mstari. "Unayajua yako?"

"Nayajua. Ni madogo."

"Niliyaona kuwa madogo," alisema Mwalimu Kefa. "Nikajiambia Melki anachoka, anachagua mepesi. Nilihesabu mawe, sikumtazama mtu. Hilo ni kosa langu. Yatoe."

Selina aliyatoa moja moja, huku wenzake wakitazama. Mstari ukabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Martina alimsaidia kuyabeba hadi kwa bibi. "Haya sasa," alimnong'oneza, "bibi yako amepata mafiga kweli." Selina alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Melki alipukuchua karanga mpaka vidole vikaota sugu. Kidonda kilipofunga, alianza kutembea, kisha kukimbia polepole, kisha siku moja Selina akiwa kwenye kona ya zizi aliona kitu kidogo kikipanda mlima, kikapita mwamba, kikaendelea kupanda. Pengo la kwanza likazibwa. Jiwe lilikuwa kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika. Mtama ulipokauka mashambani, mapengo yalikuwa yamekwisha, isipokuwa lile la mwisho kwenye bendera. Siku alipokwenda kukimbia Kiomboi, Bwana Michezo alisema, "Huyu tunamchukua."

Siku ya mashindano ya taifa watu walijaa mbele ya duka la ushirika, kwenye redio. Laurenti alikuwa mbele kabisa, akiwanyamazisha wengine. Mtangazaji alitaja wa kwanza, mtu wa kutoka mkoa mwingine. Akataja wa pili, si yeye. Watu wakaanza kutazamana. Kisha akataja wa tatu: Melkizedeki, Singida. Na akasema hao watatu ndio watakaoiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Afrika. Laurenti alimnyanyua Bibi Luciana juu kama gunia la pamba, na bibi alimpiga kofi begani akimwambia amshushe, hana adabu.

Melki alirudi nyumbani kuaga kabla ya safari kubwa. Asubuhi ile wanafunzi walisimama mistari yao, na yeye alikuja na jiwe mkononi, alilolichukua jikoni kwa bibi. Selina alilitambua kwa ule mshipa mwekundu.

"Mjomba, hilo ni la uongo."

"Lilikuwa la uongo," alisema Melki. "Mpaka ulipokataa kuliweka. Liweke sasa."

Selina alimtazama Mwalimu Kefa.

"Weka," alisema Mwalimu. Kisha akawageukia wanafunzi. "Yatazameni vizuri. Mawe makubwa yote haya yanatuambia Melki alipanda mlima. Hili dogo linatuambia kwa nini ana mguu wa kupandia. Mtu anayekupenda akikuomba umfichie ugonjwa, anaogopa. Usimwongezee giza. Sema kwa mtu awezaye kusaidia, hata kama sauti inatetemeka, hata kama aliyekuomba ni mjomba wako. Na siku mwenzako atakaposema anaumwa, usimcheke, maana ukimcheka leo, kesho atanyamaza."

Selina aliinama, akaliweka jiwe chini ya mlingoti. Lilikuwa dogo kuliko yote. Likajaza nafasi barabara.