Kanda ya Mwisho ya Radi Kavu

Monari alikutwa Jumapili asubuhi, amelala chali katikati ya spika zake mbili, kisogo kimepasuka na damu imeshakauka sakafuni. Alikuwa Msabato wa kweli. Migori nzima ilijua kwamba jua la Ijumaa likizama hafungui duka lake la kurekodi kanda mpaka Jumapili, kwa hiyo siku nzima ya Jumamosi watu walipita mbele ya mlango ule bila hata kubisha.

"Amekufa lini?" Inspekta Mniko aliuliza.

"Ijumaa jioni," daktari akajibu. "Aliangukia pembe ya chaja ya betri za gari. Lakini hakufa papo hapo. Alipumua kwa saa moja, labda mbili. Angewahishwa hospitali, angepona."

Mniko alikuwa ameona maiti nyingi, lakini hilo la mwisho lilimchoma. Kuna mtu alimwacha mwenzake akivuta pumzi, akavuta mlango na kwenda zake.

Droo haikuguswa. Mashine zote zilikuwepo. Kilichokosekana ni kanda moja tu, ambayo kasha lake lilibaki wazi juu ya kaunta, limeandikwa kwa kalamu ya wino: RADI KAVU, 1993.

Konstebo Jeff, mzaliwa wa mji huo, alitoa macho. "Afande, hii kitu watu wametafuta miaka mitano! Ni albamu ya kwanza ya kundi la Jiwe Moto. Walikuwa wanarap juu ya magitaa ya roki. Makelele tupu, lakini tuliwapenda."

"Zilitoka ngapi?"

"Ishirini. Monari ndiye aliwarekodi, hapo nyuma. Halafu Wangwe, yule wa kurap, akafa kwa ajali. Watu wakachukua zile kanda wakarekodia juu yake mahubiri ya matanga. Imebaki hii moja."

Ukutani palikuwa na tangazo jipya: kuanzia Jumatatu, kila aliyetaka Radi Kavu alete kanda yake tupu arekodiwe. Chini ya kaunta palikuwa na barua nne za mtu mmoja, Ken wa Homa Bay, mpiga gitaa wa kundi hilo. Zote zilikuwa na ombi moja: nitafutie Radi Kavu.

Saa nane mchana Mniko alikuwa Homa Bay, sebuleni kwa Ken. Kanda ilikuwa mezani, kando ya redio kaseti, wala haikufichwa.

"Niliikuta dirishani jana jioni," Ken alisema. "Nikajua Monari amenitumia."

"Monari ameuawa."

Ken aliketi polepole. Mkewe, Priscah, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini na kusimama nyuma ya kiti cha mumewe.

Mniko aliigeuza kanda mkononi. Kule dukani alikuwa ameona kwamba Monari alivunja vile vimeno viwili vya nyuma katika kila kanda aliyoithamini, ili mtu asirekodi juu yake. Katika hii, tundu moja lilikuwa limezibwa kwa karatasi iliyosokotwa.

"Nani ameziba hapa?"

"Niliikuta hivyo."

"Umeisikiliza?"

"Yote. Wimbo wa mwisho haupo."

Mniko aliiweka kwenye redio. Magitaa yalinguruma, na sauti ya marehemu Wangwe ikatema maneno kwa kasi hadi vikombe vikatetemeka. Kisha ukaanza wimbo wa mwisho. Gitaa lililia mara nne, pakasikika mlio wa kitufe, basi.

"Wimbo huu ulisema nini?"

"Wangwe alikuwa anaita majina. Si unajua wanamuziki wa huku, lazima wasifu watu kwa majina."

"Majina ya nani?"

Ken aliinamisha kichwa. "Sikumbuki, afande."

Hakujua kudanganya, na Mniko alimwacha hivyo kwanza. Jambo jingine lilimsumbua. Anayeichukia kanda angeichoma moto. Anayeipenda asingeigusa. Huyu aliogopa dakika tatu tu za wimbo mmoja, halafu akamletea Ken zilizobaki kama zawadi.

Akaongeza sauti mpaka mwisho.

Aliyefuta wimbo alibonyeza kitufe cha kurekodi akidhani ananyamazisha, kumbe redio ya namna ile ina maikrofoni tumboni. Ilirekodi chumba. Kuku alilia kwa mbali. Mfuniko wa sufuria ukagonga. Kisha mtoto akauliza, karibu kabisa:

"Mama, mbona redio haiimbi?"

"Shh!"

Nje uani, Terry, binti yao wa miaka minne, alikuwa akicheka kwa sauti ileile. Ken alishafumba macho.

"Mama Terry," Mniko aliita, "Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Muhuru Bay. Kuchukua omena, dagaa wa kuuza."

"Ukarudi kupitia wapi?"

"Migori."

"Omena iko wapi?"

Priscah alikaa sakafuni.

"Nilimwomba, afande. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, usirekodie watu hiyo kanda. Akacheka, akasema Jumatatu anaweka spika nje. Nikainyakua. Akanishika mkono, nikamsukuma."

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa ananiangalia."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga mlango."

"Kwa sababu ya wimbo?"

"Wangwe alinitaja! Alisema, Priscah, mtoto akiwa msichana mwite Terry, kama nyanya yangu. Wiki mbili baadaye akafa. Mimba ilikuwa changa. Ken akanioa, nikamwacha adhani ni yake. Siku ya kurekodi maneno alikuwa nyumbani na malaria, hakusikia, na kanda zikaisha kabla hajapata yake. Sasa angesikia, angetufukuza. Mtoto wangu angemwita nani baba?"

Kisha Ken akafungua macho.

"Nilisikia, Mama Terry."

"Nini?"

"Siku ile nilikuja na malaria yangu, nikasimama nje ya mlango. Nilijua kabla sijakuoa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nakutaka."

Mniko alijikuta anauliza swali lisilohitajika kwenye jalada. "Sasa kanda uliitafuta ya nini miaka yote hii?"

"Ya mtoto," Ken alisema. "Akikua, nimkalishe, nimwambie, sikia, huyu ndiye aliyekuzaa, na alikutaja jina hata hujazaliwa. Hakuacha kitu kingine."

Priscah alijifunika uso kwa mikono miwili, akalia kilio kilichotoka tumboni, kisichokuwa na maneno. Uani, kicheko kilikatika. Nyayo ndogo zikaja mbio kuelekea mlangoni.

Ken aliinuka upesi, akamdaka Terry kizingitini, akambeba begani uso ukielekea barabarani. "Twende tukaone ziwa," alimwambia.

Mniko alingoja mpaka sauti zao zikawa mbali, ndipo akatoa pingu.