Mlinzi Asiyeombwa

Ukumbi wa hospitali ulikuwa umefurika watu. Fundi wa lifti alimwona dada mwenye gauni la njano na fimbo nyeupe, akamshika mkono na kumwingiza kwenye lifti kabla hajafungua kinywa.

"Kaka, unanipeleka wapi?"

"Juu, dada. Si nimeona umesimama?"

"Nilikuwa nasubiri mvua ipungue niende zangu nyumbani."

Lifti nzima ikaangua kicheko. Fundi aliomba radhi mpaka ghorofa ya mwisho, na yule dada, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea simu za hospitali hiyo, akaipenda ile sauti. Haikupita muda wakawa wanapigiana kila jioni.

Miaka ya nyuma, macho ya dada huyo yalipozimika ukubwani, ndugu zake walimfungia ndani kwa huruma, hata chai akawa anamiminiwa. Kujifunza kwenda kazini peke yake kulimtoa jasho na machozi. Hakuna alichojivunia kama hicho.

Asubuhi moja mshona viatu wa pale kona akamwuliza, "Leo mlinzi wako yuko wapi?"

"Mlinzi gani?"

"Yule fundi wa lifti, wa ovaroli ya bluu. Kila siku anakufuata nyuma, ananyata kama mwizi wa kuku."

Kumbe alikuwa anachungwa kama mtoto. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya fundi, mpaka fundi alipopiga ya hospitali.

"Hospitali, habari za asubuhi."

"Mpenzi, usikate."

"Nikuunganishe na wodi gani?"

"Nimekosa. Niliogopa magari, basi."

Lilikuwapo swali moja lililomnyima dada usingizi. "Niambie kweli. Umeniokoa mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Usiseme ili kunifurahisha."

"Hata mara moja, mpenzi. Niliyetumbukia mtaroni ni mimi. Wewe uliukwepa, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Mpaka leo nachechemea."

Dada akacheka mpaka machozi yakamtoka. Njia ilikuwa yake, tangu mlangoni kwake mpaka kazini.

"Ukininyatia tena, tumeachana."

"Nimekoma."

"Haya. Jumamosi nakupeleka kwa mama. Utanishika bega, mimi mitaro naijua."

Fundi alijua hapelekwi mtu kwa mama bure. Akauliza avae nini.

"Hapo mfikirie mama," akamjibu. "Ndiye mwenye macho."