Kikombe Kimoja cha Uji

Mwezi unapong'aa sana, mitumbwi ya dagaa haitoki. Dorotea anazijua siku hizo. Yeye ni mjane, na huanika dagaa wa watu wengine ufukweni mwa Kamanga. Dagaa wasipoletwa, hana kazi, na watoto wake wanne hawana chakula.

Kanisa la jirani hugawa uji bure kwa watoto wasiozidi miaka mitano. Gladness, kitinda mimba wake mwenye miaka miwili, aliandikishwa. Kila asubuhi Dorotea alipokea kikombe cha mtoto, akaumimina uji katika kindoo chenye kifuniko, akaondoka.

"Uji wa Mama Prudencia una miguu!" wanawake walimcheka, wakimwita kwa jina la mwanawe. "Haukai hapa hata dakika."

Nyumbani aliongeza maji, akaugawa kwa watoto wote. Aliona kwamba hiyo ndiyo haki. Mama gani amlishe mmoja, wengine wakitazama?

Mwezi ulipokwisha, Bernadeta, mhudumu wa afya wa kijiji, aliuzungushia utepe wa kupimia lishe mkono wa Gladness. Utepe ulionyesha rangi nyekundu.

"Mama Prudencia, mtoto huyu anakula?"

"Anakula, dada. Kila siku."

"Usinifiche. Rangi hii ni ya hatari. Mtoto atakufa."

Dorotea alieleza yote, huku akilia.

"Sikiliza," Bernadeta alisema. "Maji hulijaza tumbo, lakini hayajengi mwili. Uji wa mmoja ukigawanywa kwa wanne, haumfai hata mmoja. Gladness ale hapa hapa, aumalize. Na leo hii tunakwenda kituo cha afya."

"Na hao wengine?"

"Mwanao Yakobo ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Mbona hukumwandikisha?"

"Nilidhani kila nyumba ni mtoto mmoja. Niliona haya kuuliza."

"Haya haishibishi, mama. Mlete kesho. Majina ya wale wakubwa wawili nitayapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, waombewe chakula. Siahidi kitu."

Kituoni Gladness alipewa chakula dawa, yaani karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, zikafungwa katika pakiti. Muuguzi alionya kwamba ni dawa ya mgonjwa, wala haigawanywi.

Jioni Dorotea alikata pakiti ya kwanza. Harufu ya karanga ilienea chumbani. Prudencia, binti yake wa miaka tisa, alisogea.

"Mama, nilambe karatasi tu."

"Hapana, mwanangu. Ni dawa ya mdogo wako."

"Hata mimi naumwa, mama. Naumwa njaa."

Dorotea alimgeuzia mgongo, akaendelea kumlisha Gladness mpaka pakiti ikaisha.

Baada ya majuma sita, utepe ulionyesha rangi ya manjano. Gladness alianza kutembea tena. Yakobo naye hunywa uji kila siku. Majina ya wakubwa bado hayajaitwa.

Kabla ya kwenda shuleni, Prudencia huwafikisha wadogo zake kanisani. Huwakalisha kwenye benchi, huwashikisha vikombe vyao, kisha huwaambia, "Malizeni wote. Msinibakizie."