Lenzi Moja Tu

Mtu yule alikuwa mdogo kama punje ya wimbi. Kipngetich alimwona picha ikiwa bado ndani ya karai la dawa, chini ya balbu nyekundu, akadhani ni uchafu. Akausugua kwa kidole. Haukutoka. Ilikuwa picha ya binti yake Nelvine, wa miaka mitano, amesimama mbele ya shamba lao la chai na gauni la Krismasi. Kule juu nyuma yake, mistari ya chai inapokomea kwenye mikaratusi, palikuwa na mtu amewapa mgongo.

Siku ile hapakuwa na mtu. Kipngetich angeapa kanisani, na jicho lake halikuwa la kudharauliwa. Soko zima la Ndanai lilijua studio yake, na mwaka huo wa tisini na sita, watu wakikimbilia picha ndogo za vitambulisho, alikuwa akiona kifungo kilicholegea kabla mwenyewe hajakaa kitini. Akachukua kioo cha kukuzia. Mgongo tu, na koti refu.

"Ningekuwa na lenzi ndefu," alijiambia, "ningemjua."

Kamera aliyoipigia picha hiyo ilikuwa na wiki moja tu mikononi mwake, na hakuihitaji. Alikuwa na nyingine nzima, ile iliyomlipia mahari ya Rodah na kuwaezekea nyumba. Lakini mpiga picha na vyombo vyake ni sawa na mlevi na chupa ya mwisho: hakuna aliyewahi kuiona hiyo ya mwisho. Aliposikia kwamba Mzee Nyang'au wa kule karibu na Sotik anauza vitu vyake, alitoka mbio bila kunywa chai.

Nyang'au alikuwa Mkisii aliyezeeka akipiga picha za wachuma chai kwenye mashamba makubwa. Alifungua sanduku la bati na Kipngetich akameza mate: kamera nyeusi nzito, lenzi mbili ndefu, moja kuizidi nyingine, stendi ya miguu mitatu, na flashi pana kama sahani. Alivitaka vyote.

"Moja moja," Nyang'au alisema. "Hivi vitu haviendi pamoja. Chukua kamera. Ukitaka ingine utarudi."

"Na nisiporudi, mzee?"

"Utarudi."

Nzi alianguka ndani ya kikombe cha mzee, naye akanywa pamoja na huyo nzi. Kipngetich alimpa pole ya mkewe Nyatichi, aliyezikwa miaka mitatu nyuma. Mzee akaitikia kama mtu anayeambiwa kwamba mvua imekatika.

Basi alirudi. Safari ya pili alikwenda akimswaga mtamba wake mwekundu, akatoka na lenzi ya kwanza, na siku hiyo Nyang'au alitabasamu akamuuliza hali ya watoto. Safari ya tatu alibeba cherehani ya Rodah begani, mwenyewe akiwa kliniki na mimba ya miezi minane. Akapewa stendi na lenzi ya pili. Siku hiyo alimsikia mzee tangu barabarani, akiimba nyimbo za Kisabato kwa sauti ya kijana.

Na kila mara Kipngetich alipanda nyuma ya nyumba akapiga picha chai tupu. Kila mara, ndani ya karai, mtu alikuwepo. Ila hakuwa pale pale. Kwa lenzi ya kwanza alikuwa ameshuka kutoka kwenye mikaratusi hadi katikati ya chai, na sikio lake moja lilionekana. Kwa lenzi ya pili alikuwa amefika mstari wa tatu kutoka uani, na taya likaonekana, na ncha ya pua. Uso bado. Kipngetich aliogopa, hilo tuseme wazi. Lakini ndani ya woga wenyewe kulikuwa na hesabu ndogo iliyokuwa ikiendelea kwa utulivu: mchana wa mawingu, mwanga hautoshi. Flashi.

Ndipo kidole chake cha kubonyezea kilipokufa ganzi. Alikigusisha moto wa jiko akaona ngozi ikibabuka, wala hakusikia kitu. Wiki iliyofuata ganzi ilifika kwenye kiwiko. Baadaye ikaingia mahali pasipo na jina.

"Baba Nelvine," Rodah aliuliza, "cherehani yangu iko wapi?"

"Nitanunua ingine."

"Ulisema hivyo juu ya ng'ombe." Machozi yalianza kumtoka. "Na hiyo begi yako inanishtua. Mchana nikiwa peke yangu inalia. Cha! Halafu krrr, kama mtu anavuta filamu. Na inanuka."

Kweli ilinuka. Ilinuka majani ya chai yaliyolala guniani hadi yakapata moto na kugeuka mekundu, harufu ambayo kila mkulima wa huko anaijua, maana ni harufu ya kazi yako kurudishwa na kiwanda. Kipngetich alimtazama mkewe akilia. Aliona kwamba mwanga wa dirishani unalikaa shavu lililolowa vizuri sana. Hakuona zaidi ya hapo.

Rodah alijifungua msichana. Kipngetich alioneshwa mtoto ndani ya blanketi, akatikisa kichwa, akauliza saa ngapi.

Siku ya nne wanawake wa ukoo walikusanyika nyumbani kumwita mtoto jina. Wakipsigis wa huko, hata waliobatizwa mara mbili, hawajaliacha hili. Bibi humpakata mtoto, humgusisha ugoro kidogo puani, na wanawake huwaita wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine hadi mtoto apige chafya. Jina lililo mdomoni wakati wa chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Ni kazi ya wanawake. Baba hungoja nje.

Kipngetich hakuwa nje. Alikuwa njiani akitoka Sotik na flashi kifuani, aliyoipata kwa kuiacha ile kamera ya mahari. Alifika saa tisa, ukungu umefunika chai yote na mvua ya mawe inaanza kugonga mabati. Akasimama uani. Alijua, bila kujua amejuaje, kwamba mtu yule hayuko tena chaini, kwamba amefika, kwamba yuko baina yake na mlango. Ndani mama yake, Kogo Jerusa kama wajukuu walivyomwita bibi yao, alikuwa akiita kwa sauti ya kubembeleza, "Tapkigen? Wewe ni Tapkigen? Tabutany?", na wanawake wakiitikia, na giza la mvua likiwa zito kiasi kwamba hata jicho lake halikuona kizingiti, akasema moyoni nimwone uso tu, mara moja tu, kisha basi, nitaviuza vyote, akausukuma mlango kwa goti, akanyanyua kamera kwa mkono asioweza kuusikia, na kidole kilichokufa kikabonyeza chenyewe.

Cha!

Nyumba nzima ikawa nyeupe. Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kogo Jerusa alikuwa amefunua mdomo. "Nilikuwa nimeita nani?" akanong'ona.

"Hujaita mtu, Kogo," mmoja alijibu. "Ulikuwa unavuta pumzi."

"Basi nani amekuja?"

Mvua ya mawe iligonga. Mtoto alikuwa amefungua macho, akimtazama Kipngetich bila kupepesa, na jicho la kushoto likafumba polepole, likabaki limefumba, kama la mtu anayelenga picha.

Tangu saa hiyo hakulia. Siku mbili hakulia kwa njaa wala kwa nepi. Alinyonya kama mtu anayemaliza kazi, na kwenye utosi wake, mahali watoto wote hunuka maziwa, palinuka majani yaliyopata moto. Nelvine alikataa kulala chumba kile.

Kipngetich alijifungia studio akasafisha filamu. Picha ilitokea taratibu ndani ya karai: wanawake, Kogo na mdomo wazi, mtoto. Akatafuta mlangoni, akatafuta dirishani na nyuma ya viti, akatafuta kwa kioo cha kukuzia kila kona. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue kamera ile, mtu hakuwemo. Palikuwa na mtoto tu, akiangalia lenzi.

Alimkuta Nyang'au ameketi nje ya nyumba yake, macho mekundu, uso umelowa, akipangusa pua kwa kofia.

"Jana nimemlilia Nyatichi," mzee alisema. "Miaka mitatu, kijana yangu! Nilimzika nikiwa naangalia tu vile jua limepiga jeneza. Jana nikalia hadi majirani wakakuja."

"Mzee, uliniuzia nini?"

Nyang'au aliteremsha sauti. "Fundi aliniuzia mimi alisema hiyo ni jini. Mimi ni Msabato, nikacheka. Haina ukoo, haina mtu wa kuita jina yake. Inataka kuonekana. Kila chombo unanunua, hiyo ni hatua moja imetembea. Na mahali unasikia uchungu, inakula hapo kwanza, polepole, ndio usishtuke."

"Iko kwa mtoto wangu."

Mzee alijishika kichwa. "Nilitaka tu kusikia tena. Nisamehe. Lakini usinirudishie. Tupa yote. Yote, unasikia? Usibakishe hata kifuniko."

Kogo Jerusa hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliwarudisha wanawake siku iliyofuata, asubuhi, jua likiwa juu, akawapanga tena mle ndani. Kisha akamtoa mwanawe hadi kwenye shimo la choo cha zamani nyuma ya zizi.

"Wewe ndio ulifungua mlango, wewe ndio utafunga," alisema. "Tupa. Mimi nikisikia imeingia yote, nitaita. Na mtoto akikosa kupiga chafya leo, Kipngetich, huyo si wa kwetu tena."

Alirudi ndani. Kipngetich alisimama juu ya shimo na begi. Alitumbukiza flashi, ikachukua muda kufika chini. Akatumbukiza stendi, akaitumbukiza kamera, na kamera ilipokuwa ikianguka akaisikia ikijipiga hewani, cha, cha, cha, hadi ikanyamaza. Lenzi ya kwanza ikafuata. Ikabaki ile ndefu. Aliishika. Ilikuwa nzito, kioo chake kina ule ubuluu wa ndani wa jicho la ng'ombe, na haikuwa na hatia yoyote. Bila kamera ni kioo tu. Kioo si kitu. Na huko mbeleni, mambo yakitulia, mtu atahitaji pa kuanzia.

Aliokota jiwe akalitupa shimoni.

"Imeisha?" Kogo aliita kutoka ndani.

"Imeisha, Mama."

Akaja kusimama kando ya mlango, mkono mfukoni. Aliwasikia wakianza. Tapkigen. Tabutany. Waliita na kuita, walimaliza akina mama wa ukoo wakaanza upya, sauti zikikauka, Rodah akinong'ona, "Yesu, Yesu, nirudishie," na kila jina lilipoitwa lilifuatwa na kimya ambacho Kipngetich alijua kwamba mtu mwingine yeyote angekufa ndani yake, naye alikuwa amesimama tu akitazama siafu wakivuka kizingiti. Alijaribu kuogopa. Alijaribu kwa bidii, kama mtu anayetafuta funguo kwenye koti la mwenzake. Mfukoni lenzi ilianza kupata joto.

"Tabutany?" Kogo aliita mara ya mwisho.

Chafya. Kisha kilio, kilio kikubwa cha hasira cha mtoto aliyenyimwa kulia siku mbili. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele! Kogo Jerusa alicheka huku analia, wanawake wakakumbatiana, harufu ya majani ikatoka mlangoni kwa mkupuo, ikampitia Kipngetich usoni. Haikuendelea mbele.

Rodah alitoka juani na mtoto mikononi. Alikuwa amechoka na alikuwa mzuri, na ugomvi wa ng'ombe na cherehani alikuwa ameuacha ndani.

"Baba Nelvine, mchukue. Amerudi. Sikia vile analia!"

Kipngetich alisikia. Sauti ilimfikia kama redio ya jirani. Alikuwa amegeukia chai. Alitoa lenzi mfukoni akainyanyua mbele ya jicho la kulia, na la kushoto likafumba lenyewe. Ndani ya kioo ulimwengu wote ulikuwa kichwa chini, chai juu na mbingu chini, na pale mstari wa kwanza, hatua chache kutoka uani, mtu alikuwa amesimama, na safari hii alikuwa amegeuka.

Uso ulikuwa karibu uwe wazi. Ulikosa kidogo tu. Kamera nzuri, hata ya kuazima, ingetosha.

"Nani anauza kamera huku Ndanai?" aliuliza.

Nyuma yake Rodah alikuwa bado amenyoosha mikono na mtoto, akingoja ampokee.