Kitanda cha Ooko Kwenye Pikapu

Godoro lilikuwa jipya, bado limo ndani ya nailoni yake ya dukani, na hakuna mtu aliyekuwa amelilalia. Sasa wewe niambie, ni nani aliyelibonyeza upande wa ukutani, shimo la upana wa mwanamume mnene? Apiyo alisimama nyuma ya pikapu na karai la maharagwe mkononi, akalitazama lile shimo mpaka akasahau alikuwa anaenda wapi. Akanyoosha mkono akalisawazisha. Godoro likafura vizuri. Akamshukuru Mungu, akageuka aende zake, na alipotupa jicho nyuma, shimo lilikuwa pale pale.

"Mathe, imeweza ama haijaweza?" Kepher, mwanawe, alichomoza kutoka chini ya gari akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi.

"Imeweza," Apiyo akajibu. Mama atasema nini?

Na ilikuwa imeweza kweli, tusimnyime mtu haki yake. Tangu mashine za kuchuna chai zimtoe kazini kwenye shamba la kampuni, miezi saba mizima Kepher alikuwa ameishi chini ya ile pikapu. Ilikuwa ya marehemu baba yake, kuukuu, iliyobeba majani ya chai kutoka vituoni hadi kiwandani kwa miaka ishirini, ikaliwa na kutu mpaka ukiketi nyuma unaona barabara ikipita chini yako. Sasa ilikuwa imeinuliwa kwa springi mpya na kuvalishwa tairi kubwa za matope. Mgongoni alikuwa ameijengea chumba cha vyuma na mabati, chenye mlango wa kufunga, dirisha, taa za sola na jiko la gesi linalovutwa kama droo. Wageni wa Nairobi wangeikodi waende nayo mbugani Mara, walale porini bila kuogopa matope wala fisi. Wa kwanza walikuwa wameshasema watakuja Pasaka.

"Na mbao za kitanda ulitoa wapi?" Apiyo aliuliza.

"Si zile za kitanda cha buda? Zilikuwa zinaozea tu huko kwa ng'ombe. Nimezipiga randa, zimekuwa mpya."

Kitanda cha marehemu mumewe! Apiyo akatua karai chini. "Kepher, hukuniuliza."

"Mathe, mbao ni mbao."

Mbao ni mbao! Hebu niseme wazi, kwa sababu majirani zao hapo juu ya mji wa Litein hawakuwahi kusema. Ooko, baba yake Kepher, alikuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe ovyo kama wanavyofanya walevi. Alisubiri mvua. Kwenye milima hii ya chai mvua huja karibu kila siku saa tisa, mara nyingi na mawe yake, na mabati yakishapigwa na mvua ya mawe, jirani hasikii kitu hata ukichinjwa. Ooko alikuwa anatazama mawingu, anavuta sigara yake taratibu, anakohoa, kisha analegeza mshipi. Kile chuma cha mshipi kilikuwa na mlio wake, kli, na Apiyo aliujua mlio huo kwa miaka thelathini na mmoja.

Ooko alipokufa, ile ile pikapu ilimpeleka kwao Nyakach akazikwe. Apiyo alilia vile watu wanavyotaka mjane alie. Wiki iliyofuata alikitoa kile kitanda ndani ya nyumba, akakitupa kwenye zizi la ng'ombe, na kwa miaka mitatu akawa analala sakafuni kwenye mkeka kama malkia. Kwa Wajaluo mjane ni mke wa kaburi. Mume amekufa lakini ndoa haijafa, na mwenye nyumba bado ana haki ya nyumba yake. Apiyo alilijua hilo, ndiyo maana kile kitanda kilikaa na ng'ombe. Kitanda kilichotupwa zizini ni kuni tu, lakini ukikipa paa, mlango na jiko, umejenga nyumba. Kepher, kwa akili yake ya vyuma, alidhani anatengeneza gari.

Siku ya tatu baada ya Apiyo kuliona lile shimo, mvua ilimkuta Maxine ndani ya pikapu akitundika pazia. Maxine alikuwa mke wa Kepher, hata mwaka hajamaliza hapo, na Apiyo alimpenda jinsi hakuwahi kumpenda mtu mzima yeyote. Ndiye aliyemsuka nywele Jumapili, ndiye aliyemwita mama bila kulazimishwa. Apiyo alikuwa kibarazani akisubiri mvua ipungue alipomwona binti wa watu akitoka mle mbio, miguu mitupu, mdomo wazi.

"Mama," Maxine alinong'ona akiwa amemshika mkono kwa nguvu, "mle kuna mtu."

"Nani?"

"Sijamwona. Nimesikia harufu ya sigara, nikadhani ni Kepher ameanza mambo. Halafu mtu akaniuliza hapa, hapa kwa sikio, 'Chakula kiko wapi?' Nikasema, Kepher, wacha mchezo. Halafu nikasikia kitu kama chuma. Kli."

Akafunua mkono wake. Juu ya kiwiko palikuwa na alama ya mraba, nyekundu, ngozi imechanika pembeni. Apiyo hakuhitaji kuitazama mara mbili. Alama kama hizo alikuwa nazo mgongoni, nyingine za zamani kuliko Maxine mwenyewe.

Jumamosi walimwita Ombui, mzee Mkisii anayeuza dawa za mizizi kwenye soko la Merigi. Alikuja na mfuko wake, akaizunguka pikapu mara mbili, akanusa mlangoni, akakataa kuingia. Hata chai aliikataa, na si kawaida ya Ombui kukataa chai.

"Hili si jini la kuokotwa njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Hili lina jina, na jina lake mnalijua. Mzee amejengewa. Paa analo, moto anao, kitanda chake anacho. Chomeni hizo mbao mbele ya mama, jivu mlimwage mtoni. Ataenda."

"Mzee, hicho kitanda ndicho kimeshika kila kitu," Kepher akasema. "Nikikitoa, nimebomoa gari yote. Wageni ni wiki ijayo! Na kama hatutachoma?"

Ombui alimtazama Apiyo, kisha akatazama viatu vyake. "Mwenye nyumba akimkosa mke wake, atashika wanawake wa watu. Akimpata wake, atatulia."

"Atatulia kabisa?"

Apiyo alilisikia swali hilo, akaliacha lipite, kwa sababu aliyeuliza alikuwa mtoto wake.

Jumatatu, saa nane na nusu, mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa msitu wa Mau. Kepher alikuja kwa mama yake akiwa mpole kama siku alizokuwa akiugua malaria utotoni. "Mathe, umeshinda. Twende tukitoe hicho kitanda. Wewe ingia utoe mito na blanketi, mimi nilete grinda. Tukate, tuchome, tumalize hii maneno."

Apiyo nusura apige vigelegele. Alipanda ngazi ndogo ya chuma na magoti yake mabovu, akainama kuchukua mto wa kwanza, na mlango ukafungwa nyuma yake. Ufunguo ukazunguka.

"Kepher?"

"Nisamehe, mathe." Sauti ilikuwa imegandamana na mlango. "Ni mvua moja tu."

"Kepher, fungua. Mwanangu, fungua."

"Nimeweka kila kitu kwa hii gari. Yeye anataka wewe tu. Wewe unamjua, mathe. Wewe ulishazoea."

Ulishazoea! Apiyo akausukuma mlango kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyekuwa akimficha chini ya kanga yake, huyu ndiye aliyempokelea mapigo mengi yasiyokuwa yake. Nje akamsikia Maxine amefika, anapiga kelele, anang'ang'ania ufunguo, "Wewe ni mtu wa aina gani? Mfungulie mama!" na Kepher akimsukuma.

Kisha mvua ikaja. Kwanza matone machache, kama mtu anayetupa punje za mahindi juu ya bati, kisha mengi, kisha mawe, na Apiyo akawa anagonga mlango bila kujisikia anavyogonga, anaita bila kuisikia sauti yake mwenyewe, na mle ndani giza likizidi ingawa ilikuwa mchana, na harufu ya sigara ikija, kisha ya majani ya chai yaliyochacha chini ya turubai, kisha ile nyingine ya chini kabisa, ya udongo mbichi wa Nyakach uliofunuliwa kwa jembe, na nyuma yake ile nailoni ya godoro ikalia, kwaru, polepole, kama inavyolia mtu mzito anapogeuka kitandani kukuangalia.

"Apiyo."

Hakugeuka.

"Miaka mitatu umenilaza na ng'ombe."

"Nisamehe, Baba Kepher," alinong'ona.

"Chakula kiko wapi?"

"Hapa hakuna chakula."

Kli.

Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili likamwangusha magoti, na mengine sitayasimulia. Lakini kati ya la tatu na la nne Apiyo alipata akili, akili baridi kabisa ambayo hakuwahi kuwa nayo Ooko akiwa hai. Hii haingekuwa mvua moja. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Kila wageni wakikaribia kuja angetiwa humu mzee atulizwe, na akifa watampeleka Nyakach wamlaze ubavuni mwa huyu huyu mtu. Uhuru wake wote, ile miaka mitatu ya mkeka, ilikuwa imekwisha leo, na aliyeufunga kwa ufunguo ni mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Baba Kepher, ngoja," akasema. "Kwani mtu kama wewe ni wa kulala kwa gari?"

Chuma kikanyamaza.

"Hii ni ya kukodisha. Watu wasiokujua watakulalia juu. Nyumba yako imesimama hapo nje. Ina mikono yako na miguu yako, nimeizaa mimi, nikaipa jina lako. Bado ina nguvu. Na mke anaye."

Hapo alisita. Mvua ilikuwa imepumua kidogo, na nje Maxine alikuwa analia, "Kepher, nakuomba, mama atakufia!" Apiyo alimsikia vizuri kabisa. Asije mtu akasema hakumsikia.

"Ni msichana," akamaliza. "Yeye bado hajazoea."

Nailoni ikalia mara moja. Godoro likafura, likawa tambarare. Mawe yaliendelea kupiga bati, lakini sasa yalikuwa mawe tu, na ndani palinuka mbao na rangi mpya.

Nje mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, kizito, cha mvutaji. Kepher hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake.

Ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka. Kepher alikuwa amesimama kwenye mvua, maji yanamchuruzika usoni, wala hayafuti. Alimtazama mama yake vile mtu anavyotazama kikapu kilichotoboka.

"Toka, Apiyo," akasema. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Na wewe nimemaliza."

Maxine akampita mumewe mbio, akamkumbatia mkwewe na kumteremsha, akamlilia kwa furaha kwenye lile bega lililopigwa. "Mungu ni mkubwa, mama, umetoka, umetoka." Apiyo alisimama mikono imening'inia, hakumkumbatia. Nyuma ya Maxine, Kepher alikuwa ameinua kichwa anatazama mawingu, akilegeza kitu kiunoni.

Wageni walikuja Pasaka, wakaenda Mara, wakarudi wakiisifu ile pikapu mpaka aibu. Walilala kama watoto, walisema. Wakaja wengine. Majirani nao wakaanza kumsifu Kepher, kwamba ametulia, hana maneno mengi, anarudi nyumbani mapema mvua ikikaribia. Kutoka nyumbani kwake mvua ikinyesha hakusikiki kitu, na nje ya nyumba hiyo hakuna anayejua kwa nini, isipokuwa mtu mmoja.

Jioni moja Maxine alikuja kwa Apiyo kuomba chumvi. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kidevuni, na aliketi kwa upande mmoja wa kiti.

"Mama," aliuliza bila kuinua macho, "siku ile mle ndani, ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, binti yangu. Niliomba tu."

Maxine akainua macho, akamtazama. Kisha akachukua chumvi yake, akaenda. Kesho yake saa tisa mvua ya mawe ikaja kama kawaida, na Apiyo akaingia kwake, akasukuma komeo, akajilaza kwenye mkeka wake. Na aibu yake kubwa, ambayo hajamwambia mchungaji wala hatamwambia, ni kwamba alilala, mchana kweupe, mabati yakinguruma juu yake, usingizi mtamu ambao hakuwahi kuupata mvua ikinyesha tangu aolewe.