Ukuta Unaoloa

Rafiki yangu hutengeneza michezo ya kompyuta, na si mtu wa kutia chumvi. Alipiga picha kuta za korido ya kwao, kavu kisha zikiwa zimelowa, akazitia mchezoni: mhusika akikaribia ukuta, unaloa.

Kuhakikisha zinabaki kavu pasipo mtu, alimwondoa mhusika. Zikaanza kuloa zenyewe, pwa, pwa, kama nyayo za mtu aliyetoka kuoga, zikielekea mlango wa mwisho, ambao ndio wa chumba alimokuwa amekaa rafiki yangu.

Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Giza totoro, kompyuta kimya. Ile pwa, pwa ikaendelea, ikakoma mlangoni.

Mama yake akafungua, tochi mkononi.

"Mwanangu, mbona ukuta wa korido umelowa mpaka hapa?" Akamulika ndani. "Na huu wa nyuma yako ndio unaanza."